Jinsi ya kuzoesha misuli mazoezi ya kushusha mzigo

Msuli huumia zaidi unaposhusha mzigo kuliko unapouinua. Ukiteremka mlima, misuli ya mbele ya paja hukaza huku ikivutwa irefuke. Ndani ya nyuzi zake kuna vipande vidogo vinavyojikunja, viitwavyo sakomea. Baadhi huvutika kupita kiasi na kushindwa kurudi mahali pake. Nguvu hupungua papo hapo, lakini maumivu hungoja, kisha hufikia kilele baada ya saa 24 hadi 72.

Ukirudia zoezi lilelile wiki moja au mbili baadaye, madhara huwa madogo mno. Mishipa ya fahamu hugawa kazi kwa namna nyingine, na tishu zinazoshikilia nyuzi huimarika. Kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa, na si lazima uchechemee ndipo uipate: dozi ndogo inatosha kuianzisha.

Kwa mapaja, anza na kuchuchumaa bila uzito. Shuka kwa sekunde 3 hadi 4, uishie nusu ya njia, maana msuli uliorefuka sana ndio unaoumia zaidi. Fanya seti 2 za marudio 6, basi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kushusha hakuchoshi pumzi, kwa hiyo mtu hujiona bado ana nguvu na kuendelea hadi seti ya tano, halafu keshokutwa hawezi kushuka ngazi.

Subiri siku 5 hadi 7. Wiki ya pili fanya seti 3. Ya tatu, shuka chini zaidi. Ya nne, ongeza uzito kidogo. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Usipime utayari kwa maumivu pekee: kama goti linatetemeka unapokaa kitini polepole, nguvu bado haijarudi, ahirisha.

Kinga ya mapaja haiilindi mikono. Mikono ianze upya, tena kwa tahadhari zaidi, kwa sababu miguu huzoezwa na ngazi na miteremko ya kila siku. Ukiacha mazoezi kwa miezi mingi, rudi kwenye dozi ya kwanza.

Mkojo ukiwa wa kahawia iliyokolea, au msuli ukivimba sana na kulegea, nenda hospitali siku hiyohiyo: protini za msuli zinavujia kwenye damu na zinaweza kuharibu figo.