Tangazo la albamu ya roki ya majaribio kwa mtindo wa 1970: namna ya kulipiga kwa simu ukiwa Mbeya

Mwaka 1970 albamu ya mwanamuziki wa Marekani Captain Beefheart, Lick My Decals Off, Baby, ilitengenezewa tangazo la televisheni lisilo na rangi, la kama dakika moja. Kituo cha KTTV cha Los Angeles kilikataa kulirusha. Leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la MoMA, New York. Nguvu yake ni kwamba mambo ya ajabu yanaonyeshwa kwa utulivu kabisa. Usiige picha zake. Chukua utulivu huo.

Anza na hesabu. Sekunde 60 kwa fremu 25 (vipande vya picha) kila sekunde ni fremu 1,500. Gawa hivi: picha sita za sekunde 8, jalada la albamu sekunde 9, weusi mtupu sekunde 3. Kila picha iwe na tendo moja tu, na kamera isisogee hata kidogo. Wengi hushindwa hapa, wanaongeza picha hadi ishirini, na tangazo linageuka video ya kawaida ya muziki.

Weka simu kwenye fremu 25 na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo ukiiacha kwenye 30 na 1/60, taa za tyubu zitachora mistari inayopanda na kushuka kwenye picha, na ni vigumu kuiondoa vizuri baadaye. Kama kamera ya simu yako haina mipangilio hiyo, pakua programu ya kamera yenye udhibiti wa mkono. Funga fokasi na mwanga kabla ya kurekodi. Uwiano wa picha uwe 4:3, yaani pikseli 1440 kwa 1080 ndani ya fremu ya 1920 kwa 1080, na pembeni kubaki weusi wa pikseli 240 kila upande.

Piga kwa rangi, uiondoe baadaye. Ukitumia kichujio cha simu cha nyeusi na nyeupe utakwama, hasa huku kwetu: udongo mwekundu na majani ya chai au migomba ya Tukuyu hutoka kijivu kilekile, mtu aliyevaa kijani akapotelea ardhini. Ukiwa na rangi zote, unapunguza mwangaza wa kijani na kupandisha wa nyekundu hadi vitengane. Piga picha moja ya mgando kwanza, ondoa rangi, tazama.

Mfano wa tendo moja: njegere kavu zikiteremka kwenye bati la migongo. Zinahitajika kilo 2, bati kuukuu la mita moja, ungo, na turubai la kuzidaka. Njegere zinafaa kuliko maharage kwa sababu ni za mviringo. Maharage hukwama katikati. Egemeza bati kwenye mwinuko wa nyuzi 35 hivi, mimina kutoka sentimita 10 juu yake. Ukimimina kutoka juu zaidi zinarukaruka na kutoka nje ya picha. Bati jipya linang'aa na kuifanya picha iwe nyeupe mno, lipake maji ya udongo likauke. Rekodi kwa fremu 100 kwa sekunde, uichezeshe kwa 25: sekunde 2 zinakuwa 8, na kila njegere inaonekana ikitafuta mfereji wake. Hiyo ndiyo picha ya kufungulia.

Piga nje kabla ya saa nne asubuhi. Mchana wa Juni hadi Agosti upepo wa Uyole hutikisa tripodi, kwa hiyo ning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo 3 katikati yake. Ukitoka kwenye baridi ya nje na kuingia chumbani chenye joto, lenzi hushika mvuke. Iache simu humo dakika 15 ndipo uifute.

Sauti ya msimulizi isizidi maneno 60, isomwe kama taarifa ya habari, bila mzaha: jina la bendi, jina la albamu, nyimbo tatu, mahali inapopatikana. Rekodi katikati ya mablanketi mawili yaliyotundikwa, na usubiri mvua iishe, maana ngurumo ya mabati haiondoki. Muziki usikike kwenye picha mbili tu.

Kabla ya kupeleka, kiulize kituo kinataka faili gani na sauti ya kiwango gani. Kiwango cha utangazaji cha Ulaya, R128, ni −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti). Jalada na maandishi yawe ndani ya asilimia 80 ya katikati ya picha, kwani televisheni za zamani hukata kingo.