Somo: Kuongoza tipa na kijiko (mtambo wa kuchimbia) saiti

Kwenye viwanja vyetu vya Dar, kazi ya kuongoza tipa likirudi nyuma hupewa yeyote aliye karibu: utingo, mlinzi, saidia fundi aliyemaliza kukoroga zege. Anasimama nyuma kabisa, anapiga bodi kwa kiganja: "Njoo, njoo, njoo!" Dereva hamwoni. Akijikwaa, bodi inanyamaza na tipa linaendelea kuja.

Hatua ya 1: Kubalianeni ishara kabla injini haijawashwa. Ulaya, mkono wa kulia juu na kiganja mbele ni "simama". Mikono yote miwili juu ni "simama sasa hivi, hatari". Mmarekani anayeongoza kreni husimamisha kwa kunyoosha mkono pembeni, kiganja chini, akiupeleka huku na huku. Opereta wako huenda alifundwa na mkandarasi wa nje, kwa hiyo muulize, mwambie akuonyeshe.

Hatua ya 2: Tembea njia yote kwa miguu. Kinachotuumiza mjini ni karo la zamani la choo lililofukiwa. Juu ni mchanga mtupu, chini shimo, na tipa lenye shehena huzama tairi za nyuma na kupinduka. Waulize majirani, wao ndio wanaojua choo cha zamani kilikuwa wapi. Kisha inua macho uangalie nyaya. Kanuni za Marekani zinataka mtambo ukae angalau mita 3 kutoka kwenye waya wa msongo wa hadi kilovolti (kV) 50, na laini zetu za kV 11 na 33 zimo humo.

Hatua ya 3: Simama pembeni ya njia, nyuma upande wa dereva, mahali unapouona uso wake kwenye kioo. Usipouona, naye hakuoni. Dereva ajue hivi: ukipotea kiooni, anakanyaga breki, hasubiri ishara. Kwenye kijiko, kibanda kiko kushoto na mkono wa mtambo unamziba opereta upande wa kulia, kwa hiyo usikae huko. Nyuma nako kunazunguka. Pakibaki chini ya nusu mita kati ya mtambo na ukuta, ziba kwa utepe au mabati, maana hapo ndipo mtu hubanwa.

Hatua ya 4: Mwongozaji awe mmoja. Ishara ya kusimama tu ndiyo ya kila mtu, hata ya mama lishe aliyeleta chai. Simu iwe mfukoni, na usitembee kinyumenyume.

Halafu macho. Tipa lina dereva wake. Wewe waangalie watu. Bodaboda atachomoka kwenye uchochoro, wanafunzi watakatiza wakitoka shule. Simamisha kwanza, ugombane nao baadaye.

MASWALI

Tipa letu lina kamera na king'ora cha rivasi. Bado nahitajika?
Ndiyo. Tope likishika lenzi, kamera imekwisha, na king'ora kikilia kutwa watu hukizoea. Ila kiwanja kikiruhusu, weka mlango wa kuingilia na wa kutokea, gari lisirudi nyuma kabisa. Hilo ni bora kuliko mimi na kamera kwa pamoja.

Kijiko kikigusa waya wa umeme?
Opereta abaki ndani, wengine wote wakae mbali, mpigie TANESCO wakate. Moto ukiwaka ndipo aruke: miguu pamoja, asiguse mtambo na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa kurukaruka miguu ikiwa pamoja.

Mkuu, opereta wetu ni mtu mzima, mimi kibarua mdogo. Namwonyesha simama, ananicheka na kuendelea.
Pole mdogo wangu. Usimkingame kwa mwili wako hata siku moja. Toka kwenye eneo lake, nenda moja kwa moja kwa foromani, umwambie huongozi tena hadi aongee naye mbele yako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imemtwika mwajiri jukumu la usalama wako, na foromani analijua. Akikuambia "vumilia tu", mpe yeye kizibao cha rifleta akasimame pale.