Kutoa maoni kuhusu riwaya kongwe, na kuchagua inayofuata

Usiseme "ni tamu" ukanyamaza. Maoni hayo hayajibiki. Taja tukio. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Kipigo kile kilimlinda Rosa au kilimharibu? Hapo ubishi unanoga. Tia alama kurasa mbili kwa penseli kabla ya kikao cha wasomaji wenzako, la sivyo mtabishania kumbukumbu.

Mtego wa kuchagua inayofuata ni kumwandama mwandishi kwa jina tu: Nagona (1990) ni ya Kezilahabi yuleyule, nyembamba, lakini fumbo tupu. Kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya Nairobi, soma kurasa tano ukiwa umesimama, kisha kagua za mwisho. Ndizo hung'oka upesi.