Kionyeshi cha zamani cha nukta nundu kwenye Windows 11
Kabla ya kuhamia Windows 11, ambayo haina toleo la biti 32, hakikisha kwamba kiendeshi (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) cha kionyeshi chako cha nukta nundu (kifaa kinachotoa maandishi ya skrini kwa nukta za kupapasa) kina toleo la biti 64, kwa sababu kile cha biti 32 hakitafanya kazi hata kama kifaa chenyewe bado ni kizima. Mtengenezaji akiwa ameacha kukihudumia, jaribu kisoma skrini cha NVDA, kisicholipiwa, ambacho huja na viendeshi vyake vya vionyeshi vingi. Kwa vifaa vikongwe vya poti ya siriali, mimi huona BRLTTY, programu ya kuendesha vionyeshi vya nukta nundu, ndani ya Linux ni kimbilio bora zaidi, ingawa kwa kompyuta isiyo na poti hiyo utahitaji adapta ya USB. Diski ya mfumo wa zamani usiifute mpaka nukta zisomeke.