Kukuza hamira ya bia kabla ya siku ya kupika

Kabla ya kununua kitu chochote, jiulize kama kianzio, yaani mtungi mdogo wa maji ya kimea wa kukuzia hamira kabla ya kuitia kwenye bia, unakihitaji kweli. Hamira kavu ya bia, ile ya pakiti ya gramu 11 hivi, haikihitaji. Kiwandani ilikuzwa kwa hewa nyingi, ikakaushwa ikiwa na akiba ya mafuta ya kujengea utando wa seli. Ukiikuza tena nyumbani unaitafuna akiba hiyo bure. Kwa bia kali, fungua pakiti mbili, yaishe.

Hamira ya maji ni habari nyingine. Pakiti mpya huwa na seli zipatazo bilioni 100 au zaidi, na kwa makadirio ya wapikaji hupoteza kama sehemu moja ya tano ya zilizo hai kila mwezi, hata ikikaa kwenye friji. Ikikaa juani ndani ya gari la mizigo, hupoteza zaidi. Kwa hiyo soma tarehe kwanza. Hesabu ya mahitaji ni hii: seli milioni 0.75 kwa kila mililita ya maji ya kimea (maji matamu ambayo huchachuka yakawa bia), mara nyuzi za Plato, kipimo cha wingi wa sukari humo. Lita 20 za bia ya kawaida, yenye uzito wa 1.048 kwenye haidromita, kipimo cha uzito ukilinganishwa na maji (takriban Plato 12), zinataka seli bilioni 180. Lager, kwa kuwa huchachuka kwenye baridi, hutaka maradufu, bilioni 360. Hapo mara nyingi utakuza kwa awamu mbili.

Kisha hesabu siku kwa kurudi nyuma. Ukipika Jumamosi, kianzio kiandae Jumatano jioni: saa 24 hadi 36 za kukua, kisha usiku mmoja kamili, au zaidi, kwenye friji ili hamira itue chini. Anayeanza Ijumaa usiku atalazimika kumwaga kianzio chote ndani ya bia yake, na kianzio kilichopigwa hewa siku nzima hakina ladha ya kutamanika.

Kipimo ni rahisi: gramu 100 za unga wa dondoo la kimea (maji ya kimea yaliyokaushwa) kwa lita moja ya maji, upate uzito wa karibu 1.036. Usizidishe ukidhani unailisha vizuri, maana kianzio si bia, na sukari nyingi huichosha hamira unayotaka iamke na nguvu. Sukari ya mezani nayo haifai, haina nitrojeni wala madini. Hopsi, maua ya kuipa bia uchungu, hazina kazi hapa.

Koroga unga kwenye maji ya baridi kabla ya kuwasha moto, kwani ukiumwaga juu ya maji yanayotoa mvuke hushikana mabonge. Chemsha dakika 10 hadi 15 kwenye sufuria yenye nafasi, na usiondoke: maji ya kimea hufurika ghafla kuliko maziwa, na kuyasugua jikoni ni adhabu. Chupa ya maabara ya borosilikati huvumilia kutoka kwenye moto na kuingizwa kwenye maji ya baridi. Mtungi wa kawaida hupasuka. Kama huna ya borosilikati, pozea humo humo kwenye sufuria iliyofunikwa, ndipo umimine.

Baada ya moto kuzimwa, kila kinachogusa kimiminika hicho kiwe kimeuliwa vijidudu: mtungi, faneli, mkasi wa kukatia pakiti na hata pakiti yenyewe kwa nje. Uchafu kidogo katika kianzio ni hatari kuliko katika bia, kwa sababu unaukuza pamoja na hamira. Shusha joto hadi nyuzi 20 au 25 na upime kwa kipimajoto. Mkono hudanganya, na zaidi ya nyuzi 40 unaua.

Tia hamira, kisha funika kwa foili iliyolegea. Ukikaza kifuniko, gesi itakosa pa kutokea na mtungi utalipuka. Kikorogeo cha sumaku, kinachozungusha kipande cha sumaku ndani ya mtungi, huongeza mavuno sana. Asiye nacho atikise mtungi kila apitapo karibu.

Povu linaweza kupanda na kushuka usiku umelala, kwa hiyo usiliamini. Tazama rangi: maji yawe na ukungu kama chai ya maziwa, na yakitulia, chini pawe na tabaka zito la rangi ya krimu. Harufu ya mkate ni njema, na kiberiti kidogo kwa hamira ya lager ni kawaida. Uchachu wa siki au harufu ya plasta, mwaga.

Siku yenyewe ya kupika mwaga maji ya juu, bakiza kidogo ya kulegezea tope, na uache mtungi upate joto la chumba. Unapoimimina hamira kwenye bia, kipande cha sumaku kizuie kwa sumaku nyingine nje ya mtungi, la sivyo utakikuta kwenye sakafu ya ndoo ya kuchachushia wiki mbili baadaye.

Na kama unapenda kuchemsha maji ya kimea mengi uyaweke kabatini: usithubutu bila jiko la presha, maana mbegu za botulizimu, bakteria wa sumu kali, husalimika kwenye mchemko wa kawaida. Yagandishe kwenye friza.