Mchicha kwenye dumu: mimi na mpwa wangu tunavopanda hapa Amu (Lamu)

Wenye nyumba za mji mkongwe mwajua hali yetu, shamba hakuna, kuna kiwanda (ua wa ndani ya nyumba) na dari ya juu basi. Inatosha. Mimi napanda na mtoto wa kaka yangu, ana miaka mitano na mdomo wa mtu mzima, na hivi ndo tunafanya.

Kwanza mmea wenyewe. Mtoto hana subra, ukimwanzishia pilipili au biringani atasahau kama kuna kitu kilipandwa. Mchicha kwa joto letu unachomoza siku ya tatu mpaka ya tano hivi, na wiki ya nne unakula, kwa hivo anza na huo. Rehani ni nzuri kwa harufu na kwa vikuba (vishada vya kunukia wanavovaa wanawake) lakini iwe ya pili.

Hatua ya 1, chombo. Dumu la lita 20 la mafuta ya kupikia (la petroli au la dawa usiguse), lilaze ulikate ubavu mmoja uwe na kama hori, toboa matundu chini kwa msumari uliopashwa moto. Kisu na moto ni kazi yako. Kazi yake ni kulichora, wangu kachora kitu anasema ni punda, mimi nimeona meza, lakini dumu ni lake na hapo ndo utamu wote ulipo, usimwagilie kwa siri akilala.

Hatua ya 2, udongo, na hapa msiwe na haraka. Mchanga wa ufuoni hapana, una chumvi. Chukua udongo wa kawaida makopo mawili, mavi ya punda kopo moja, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yashike unyevu. Mavi tunayo bure mpaka mlangoni lakini yawe ya zamani, makavu, yanavunjika mkononi na hayanuki, yale mabichi yanaunguza mizizi na yanakuletea magugu. Mtoto akiwa na kidonda avae glavu au akae pembeni ahesabu makopo, pepopunda si mchezo, na mkimaliza mnaosha mikono kwa sabuni nyote, hata wewe shangazi.

Hatua ya 3, kupanda. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, mtoto akipewa zote mkononi atazimwaga mahali pamoja. Changanya kijiko kidogo cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu, halafu mwambie anyunyize vile mama anatia chumvi kwenye wali. Funika na udongo kidogo tu, unene wa ukucha, halafu weka kipande cha kuti juu manake kunguru wa hapa hawana haya. Zikichomoza toa kuti.

Sasa jitayarishe kwa maswali. "Shangazi mbona hazitoki?" Kila saa. Mimi nilimwambia ziko kazini, akauliza watarudi saa ngapi. Asifukue tu.

Hatua ya 4, maji. Onja maji ya kisima chako kwanza, yakiwa ya chumvi tumia ya mvua au yale ya kuoshea mchele. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo ni chumvi imekusanyika, mwaga maji matamu mengi mpaka yatoke chini. Mpe mtoto chupa yenye kizibo kilichotobolewa, kumwaga kwa kata kunang'oa miche. Asubuhi na jioni, na kama umeweka sahani chini ya dumu imwage, mbu wanazaa humo.

Miche ikisongamana mng'oe mingine muiache nafasi ya vidole vinne, hiyo mliyong'oa mnaila vile vile.

Hatua ya 5, kuvuna. Kata juu ya majani ya chini ichipue tena, using'oe shina. Mpe mtoto mkasi wake wa karatasi, utakata vibaya na haina shida. Mchicha wa nazi, wali, samaki, na huyu ambaye mboga alikuwa anazisukuma pembeni ya sahani saa hii anagawa yeye, na mimi napewa kidogo kuliko babake.

Miche miwili mitatu iache itoe maua. Vichwa vikikauka mtoto avipukuse juu ya gazeti, mpepete makapi, mbegu zianike kivulini siku kadhaa ndo zitiwe chupani, zikiwa na unyevu zitaota ukungu.