Somo: Kutoka wazo hadi rasimu ya pili

Wengi mnaoniletea hadithi zenu mna mada nzito: ufisadi, usaliti, ndoa. Mada peke yake haitembei. Somo hili nitalibeba kwa mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1: Mpate mtu anayetaka kitu. Karani ameiba faili ofisini. Usiku umemsumbua, sasa anataka kulirudisha kabla bosi hajafika. Hapo tayari kuna hofu, kuna saa inayokimbia, na kuna mlango unaoweza kufunguliwa wakati wowote. Jiulizeni pia atapoteza nini akishindwa. Kama hapotezi chochote, tafuteni mhusika mwingine.

Hatua ya 2: Andika hadi mwisho, usirekebishe. Maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki, baada ya wiki 40 una maneno 60,000. Hiyo ni riwaya.

Hatua ya 3: Ifungie. Wiki mbili angalau. Usiifungue hata kwa dakika moja.

Hatua ya 4: Andika upya. Hapa ndipo mwandishi anapopatikana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, mnyororo wa -ka-. Mswada wangu wa kwanza ulirudishwa na mchapishaji. Nilipousoma kwa sauti nikakuta ukurasa mzima umejaa sentensi za namna hii:

*Karani akaingia, akafungua kabati, akatoa faili kwapani, akasikia hatua za mtu.*

Kila tendo lina uzito sawa na jingine, msomaji hajui ashtuke wapi. Sasa ningeandika:

*Karani aliingia bila kuwasha taa. Alikuwa akipapasa rafu ya chini, faili likiwa kwapani, viatu viliposikika koridoni.*

Sijasema -ka- ni mbaya, ni uti wa mgongo wa usimulizi wetu. Itunzeni kwa pale matukio yanapokimbia kweli.

Pili, kiambishi a-. Someni hii: "Alimwambia kuwa amemkosea." Nani kamkosea nani? Lugha yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke hapo, kwa hiyo wahusika wawili wakikutana chumbani, mtaje mmoja kwa jina au kwa kazi yake mara kwa mara.

Tatu, hisia zilizotajwa tu. "Karani aliogopa sana" haimwogopeshi mtu. Mpeni tendo: *Alisoma jina lililo juu ya faili kwa mara ya tatu, na bado hakuweza kusema limeandikwa nini.*

Hatua ya 5: Mpe msomaji mmoja. Usimuulize kama ameipenda, atakupa jibu la adabu. Muulize alichoka ukurasa wa ngapi.

MASWALI

Mwalimu, nina watoto wadogo na kazi ya kutwa. Muda nautoa wapi?

Pole kwa mzigo, dada. Toni Morrison, mwandishi wa Marekani, aliandika riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1970, akilea watoto wawili huku ameajiriwa kama mhariri. Alizoea kuandika kabla ya mapambazuko, watoto wangali wamelala. Kama alfajiri haikufai, tafuta nusu saa nyingine, ila iwe ileile kila siku. Akili huzoea saa.

Shikamoo mwalimu. Nipange kila sura kabla ya kuanza?

Marahaba. Mimi hupanga matukio matatu makubwa tu, mengine nayakuta njiani. Wapo wanaopanga kila kitu na kazi zao ni nzuri. Jaribu kwa hadithi fupi mbili, moja kwa kila njia, utajijua.

Mwisho wa hadithi yangu unanishinda. Nimeuandika mara nne.

Mara nne bado ni chache, ndugu yangu. Ernest Hemingway, mwandishi mwingine wa Marekani, alisema katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1958 kwamba ukurasa wa mwisho wa riwaya yake moja aliuandika upya mara 39. Alipoulizwa kilichomkwamisha, alijibu kuwa ni kuyapata maneno sawasawa. Jaribu hivi: futa aya ya mwisho, kisha soma. Mara nyingi hadithi ilikwisha zamani, wewe unaendelea kueleza. Karani wangu nilikuwa nimemwandikia aya nzima ya majuto. Nimeifuta, na sasa hadithi inaishia kitasa kikizunguka, faili bado liko kwapani.